Ada ya Mtani

Mama alikufa asubuhi na jioni kwa wakati mmoja. Kichwa chake kilikuwa upande wa Dola la Asubuhi, ambako jua ndiyo kwanza lilikuwa linachungulia, na miguu yake ilikuwa upande wa Dola la Jioni, ambako kuku walikuwa wanapanda kulala. Kitanda kilikuwa kimoja. Mstari wa mpaka uliingilia jikoni kwetu, ukapita juu ya mafiga, ukapanda kitandani, ukatokea dirishani na kuendelea na safari zake huko uwandani, na kila ulipopita siku ilikatika vipande viwili ambavyo havikupata tena kuonana. Nilimfumba macho kukiwa kunakucha. Nilipofika miguuni kuinyoosha, jua lilikuwa limeshazama.

Sikulia. Nilivuta shuka, nikakaa kwenye kigoda, nikauma upindo wa khanga nisije nikatoa sauti, kwa sababu nje walikuwa wanasikiliza. Majeshi mawili yalikuwa yanangoja mama yangu afe. Sisemi kwa mafumbo. Walikuwa wamechimba mahandaki, wamepiga mahema, wameleta majiko ya mafuta na vipaza sauti, wakakaa, hawa kwenye asubuhi yao na wale kwenye jioni yao, miaka nenda miaka rudi, na kazi yao ilikuwa hiyo moja, kusubiri kikongwe akate roho. Askari waliokuja hawajaota ndevu sasa walikuwa na mvi. Mama alikuwa akiwatazama dirishani na kusema, "Hawa wanangu watatangulia wao, halafu sijui watazikwa na nani."

Nimekaa na swali moja tangu utotoni na halijanipa usingizi mzuri hata siku moja: ardhi humjuaje mwenyewe? Mbuzi humjua anayemlisha. Mtoto humjua kwa harufu anayemnyonyesha. Lakini uwanda huu wa mawe na baridi, usioota hata mchicha, uliwatambuaje mabwana zake wawili waliokuwa hawajawahi kuulalia? Mwanga na giza vilionekana, lakini mstari wenyewe hakuna aliyeuona. Kila dola lilikuwa na ramani yake, na kwenye kila ramani mstari ulilala pengine. Basi wakawa wanatafuta ushahidi. Askari wa Asubuhi wakipita doria waliacha makopo matupu ya samaki, ili kesho waseme, tazameni, tulikula hapa, hapa ni kwetu. Askari wa Jioni wakipita waliyapiga teke makopo hayo na kuacha pakiti tupu za sigara. Madola yenye ndege na benki na vyuo vikuu yalithibitisha ukuu wao kwa takataka. Na mama yangu, kila alipoamka, alichukua ufagio wa chelewa akafagia kuanzia mlangoni hadi bondeni, makopo na pakiti pamoja, bila kubagua. Alikuwa anafuta madai ya watu milioni kadhaa kabla ya kunywa chai.

Wakikutana doria na doria, hawakupigana risasi. Walikuwa wamekubaliana zamani kwamba bunduki zisifike uwandani, na makubaliano hayo waliyaheshimu sana. Walikuja na marungu yaliyopigiliwa misumari, na mawe. Kwanza walikunjua vitambaa vyao virefu vyenye maandishi. Kitambaa cha huku kilisema: HAPA NI KWETU. TAFADHALI RUDINI. Kitambaa cha kule kilisema: HAPA NI KWETU. TAFADHALI RUDINI. Wakasimama wanasomeana. Neno lile "tafadhali" lilikuwa likinitia hofu kuliko misumari.

Kisha akatokea msomi mmoja, sijui wa upande gani, maana pande zote zilimnukuu, akasema takataka si ushahidi imara kwa sababu hufagiwa. Ushahidi imara ni kaburi. Palipo na mfu wenu ndipo penu. Neno hilo liliposikika walikwenda kwenye kaburi la baba. Baba alizikwa enzi ambazo kaburi lilikuwa kaburi tu. Asubuhi wakaogopa Jioni wasije wakalidai, wakasawazisha upande mmoja wa tuta. Jioni nao wakaogopa vilevile, wakasawazisha upande wa pili. Pakabaki tambarare. Mahali penyewe alipajua mama peke yake, na ndipo alipokuwa akimwaga jivu kila siku ili asipasahau. Tangu hapo walianza kumtazama yeye. Yeye ndiye aliyekuwa mkongwe kuliko mstari. Hawakumwita kwa jina. Kwenye mazungumzo yao walimwita Alama.

"Usikubali wanifanye kigingi, Nyamizi," aliniambia, bado ana sauti. "Nilaze karibu na baba yako. Na anichimbie mtani. Nitukanwe kama watu wengine wanavyotukanwa, nikapumzike."

Hilo tu ndilo alilotaka. Mtu ameishi kwenye mpaka maisha yake yote, hataki kuwa mpaka.

*

Hodi ya asubuhi ilipigwa kwenye mlango wa mbele. Hodi ya jioni ilipigwa kwenye mlango wa jikoni. Hawakukosa kamwe kupiga pamoja, ili asiwepo aliyetangulia.

"Vipi Alama?" aliuliza Mkuu wa Asubuhi. Alikuwa mrefu, mkavu, na kila mara aliongea kana kwamba kuna mtu anamrekodi.

"Ana jina," nilisema.

"Binti, nimeuliza hali ya Alama."

Aliniita binti, na mimi nywele zimekwisha kubadilika rangi. Mkuu wa Jioni alikohoa pale jikoni. Yeye alikuwa mfupi, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi, na alibeba kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri, kina nembo ya dola lake katikati. Nilitazama mlango wa mbele nikaona yule mwingine naye amebeba cheupe chake. Sanda mbili. Walikuwa nazo tayari, zimepigwa pasi.

Nilijua nisingeweza kuficha mwili milele. Nikasema, "Amekufa."

Huko nje vipaza sauti vilinyamaza vyote. Sikuwahi kuusikia uwanda ukiwa kimya namna ile. Kimya kilinitisha, kwa maana najua jinsi watu wanavyovuta pumzi kabla ya kurusha jiwe.

"Poleni," alisema Mkuu wa Jioni, na nadhani alimaanisha kidogo. "Sasa tutamchukua."

"Tutamchukua sisi," alisema Mkuu wa Asubuhi.

"Hachukuliwi na mtu," nilisema. "Mpaka aje mtani."

Ikabidi niwaeleze kama watoto. Kwetu mfiwa hashiki jembe. Kaburi huchimbwa na mtani, mtu wa ukoo ambao mababu zetu walipigana nao mpaka wakachoka, wakaapishana kwamba kuanzia siku ile watapigana kwa maneno tu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na ukacheka. Ukifa, mtani huvaa nguo zako, huigiza mwendo wako, huwatania waliao mpaka kilio na kicheko vinagombea mdomo mmoja. Na kaburi likiwa tayari, mtani hulala ndani yake, akakataa kutoka mpaka alipwe ada. Ada huitaja mwenyewe. Bila mtani hatuziki. Tunaoza ndani na wafu wetu.

"Mtani wenu yuko wapi?" waliuliza kwa pamoja.

"Lugendo. Ng'ambo ya kilima."

Ng'ambo ya kilima ni Jioni. Nyumba yetu, kwa mlango wake wa mbele, iliandikishwa Asubuhi. Niliwaona wakipiga hesabu kwenye nyuso zao, kila mmoja kwa simu yake ya upepo, akimnong'oneza mkubwa wake aliyeko mbali, sehemu yenye mazulia. Jioni walifikiri: kaburi likichimbwa na mtu wetu, ni letu. Asubuhi walifikiri: kaburi likilaliwa na mfu wetu, ni letu. Wote wakatabasamu. Wote wakakubali. Ndivyo mama alivyopata mtani, kwa sababu kila mwenye nguvu alidhani amemzidi mwenziwe ujanja.

*

Lugendo alikuja kama alivyokuja siku zote, anapiga kelele kutoka mbali. "Lugendo napita! Msinipige, mtakosa wa kuwacheka!" Alivuka mistari yote ya askari akiwa na koti lake la sufu lililotoboka na kofia yenye masikio, jembe begani. Askari walimzoea. Alikuwa amewapitia hivyo tangu ujana wao, amewatukana mama zao wote kwa zamu, na hakuna aliyemgusa.

Aliingia ndani, akamtazama mama. Halafu akasema, "Nyanzala! Hata kufa umefanya uvivu. Umelala nusu huku nusu kule, kama uji uliomwagika."

Nilicheka. Kicheko kilinitoka kabla sijajua, na nyuma yake machozi yote niliyoyazuia yakafuata, nikawa nacheka na kulia huku nimeshika ukuta. Aliniacha. Alivua koti na kofia akavitundika msumarini, akavaa khanga za mama na sweta lake la kijani, akajifunga kitambaa kichwani. Akachukua ufagio, akatoka nje kwa mwendo wa mama, ule wa mguu mmoja kuburuta, akawa anafagia. Naapa nilimwona mama. Aliyekuwa kitandani alikuwa mtu mwingine, labda mimi. Kwa kitambo kile sikujua nani amekufa kati yetu watatu, na sikuona sababu ya kulijua haraka.

Nilimwonyesha palipo jivu. Akachimba. Ardhi ilikuwa ngumu na alikuwa akimlalamikia mama kila pigo. "Nyanzala, umechagua jiwe! Nyanzala, hata ardhi inakukataa, maneno yako mengi! Nyanzala, mpishe baba watoto, usimbane!" Jina lile lilipigwa uwandani tangu shimo likiwa la kisigino mpaka likafika kifuani. Upande wa asubuhi jua lilipanda, upande wa jioni nyota zikatokeza, naye alichimba katikati, nusu yake kwenye mwanga na nusu kwenye giza. Wakuu hawakumsikiliza. Kwao yalikuwa maneno ya mtani tu. Walikuwa wanatazama kingo za shimo, kila mmoja anakisia limeegemea wapi.

Tulimleta mama akiwa ndani ya mkeka. Sanda zote mbili nilizikataa. Majeshi yakasogea, huku na kule, marungu mikononi, vitambaa vimekunjuliwa: hapa ni kwetu, tafadhali rudini. Nilisimama kichwani kwa mama. Nikamtazama mtani.

Lugendo akateremka kaburini, akalala chali, akakunja mikono. "Pazuri hapa," alisema. "Sitoki."

"Mwambie atoke," aliniamuru Mkuu wa Asubuhi.

"Mpaka alipwe."

"Anataka nini?"

"Mwulize mwenyewe, Mkuu. Yuko hapo."

Mkuu akainama juu ya shimo. Hakuwahi, nadhani, kuzungumza na mtu aliye chini namna ile. "Mzee, unataka nini?"

"Sitaki fedha yako," Lugendo alisema. "Wala ya yule mwenzio. Nyinyi mmemngoja mwanamke huyu mpaka meno yamewatoka. Mmemmezea mate. Kila mmoja anasema ni wake. Haya, anayemtaka ataje jina lake, mimi nitoke."

Upepo ulivuma kwenye vitambaa. Mkuu wa Asubuhi alimgeukia msaidizi wake. Msaidizi akashika simu ya upepo. "Makao makuu, Alama inaitwa nani? Narudia, Alama inaitwa nani?" Simu ikakoroma, ikanyamaza. Upande wa pili walikuwa wanauliza swali hilohilo kwa lugha yao.

"Alama," alisema hatimaye Mkuu wa Jioni, kwa sauti ndogo.

"Hiyo ni chapa ya ng'ombe," alisema Lugendo. "Jina!"

Na hapo niliona jambo ambalo bado linaniuma. Niliwaona askari. Walikuwa wamelisikia jina hilo kila pigo la jembe. Walikuwa wanalijua wote. Kwa huku na kwa kule, midomo ilikuwa inatikisika. Mmoja, mwenye kovu shavuni, alifungua kinywa kabisa, kisha akamtazama mkuu wake akakifunga. Hakuwa na amri. Jina moja tu lingemtoa mtani yule shimoni akiwa mzima, na lilikuwa limejaa kwenye vinywa vya watu wote wale, na hawakuruhusiwa.

Lugendo akauona woga wao. Akainuka, akasimama ndani ya kaburi na sweta la mama yangu, akanyoosha khanga mbele yake kwa mikono miwili kama kitambaa cha doria. Akasema kwa sauti ya kipaza sauti, akigeukia huku, kisha kule: "Hapa ni kwangu! Tafadhali rudini!"

Wakacheka. Majeshi yote mawili. Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele, kikavuka mstari bila kuulizwa, wakawa wanacheka pamoja watu ambao hawakuwahi kufanya lolote pamoja. Niliona wakuu wakigutuka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kwenye dola, watu wakicheka pamoja na wa ng'ambo, jambo hilo huhesabiwa kuwa ni uvamizi.

Jiwe la kwanza sikuliona lilikotoka. Asubuhi husema lilitoka gizani. Jioni husema lilitoka kwenye mwanga. Baada ya hapo yalikuwa mengi, na marungu, na watu wakavukana juu ya kaburi wakiangukiana, na mimi nikaulalia mkeka wa mama nikafumba macho. Nilimsikia Lugendo akiendelea kutania ndani ya shimo. "Polepole! Mtanichafulia!" Halafu sikumsikia.

*

Walipotengana, wengine wakichechemea, alikuwa amelala palepale alipochagua, chali, mikono imekunjwa nusu. Damu ilikuwa imeingia kwenye kitambaa cha mama. Uso wake ulikuwa bado na nia ya kusema kitu.

"Huyu ni raia wetu," alisema Mkuu wa Jioni, akihema. "Shahidi wetu. Kaburi ni letu."

"Amelala kwenye kaburi letu," alisema Mkuu wa Asubuhi. "Ni wetu."

Walikuwa wameshaanza. Mtu hajapoa. Niliwatazama nikaelewa kwamba hawakuwa wabaya kwa namna ninayoijua. Walikuwa wamesahau tu kitu kilichotangulia, wakabaki na kilichofuata, na hicho kilichofuata kilikuwa hakishibi. Halafu jambo jingine likanijia, dogo lakini zito. Lugendo amekufa. Amekufa, na mfiwa wake hashiki jembe. Nani mtani wa Lugendo?

Mimi.

Nilikwenda ndani. Koti lake lilikuwa msumarini, lina harufu ya ugoro na moshi. Nililivaa. Nikavaa kofia yenye masikio. Nilipotoka nilijaribu mwendo wake na miguu ikanipeleka yenyewe, na sauti niliyotoa haikuwa ya kwangu, au ilikuwa ya kwangu tangu zamani na sikuwa nimepata pa kuitumia.

"Lugendo napita!" nilipiga kelele. "Msinipige, mtakosa wa kuwacheka!"

Askari walirudi nyuma. Mwingine aliangusha rungu. Nilipita katikati yao, nikateremka shimoni, nikalala ubavuni mwa mtani wangu. Ardhi ilikuwa baridi. Juu yangu anga lilikuwa na jua upande na nyota upande, na nyuso za wakuu wawili zikining'inia.

"Lugendo," nilimwambia, "mvivu wewe. Umechimba la mtu mmoja, ukalala wewe." Nikamfunga vizuri kitambaa cha mama. "Sitoki. Ada ni ileile. Majina mawili."

"Binti, toka," alisema Mkuu wa Asubuhi.

"Toka, mama," alisema wa Jioni. "Tafadhali."

Nilifumba macho. Nilikuwa nimeamua. Kama hakuna atakayewataja, basi wanifukie pamoja nao, tuwe vigingi watatu, na kila dola ligombee vidole vyetu. Hofu yangu haikuwa kufa. Nilikuwa nafikiri, Lugendo alikuwa wa mwisho wa watani. Nikifa mimi, hakuna wa kunitukana. Nitawekwa ardhini kwa adabu na nembo, na watu watanipigia saluti. Niliona uchungu wa hilo mpaka machozi yakanitiririkia masikioni.

Halafu, kutoka nyuma kabisa, mtu akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Nyanzala."

Nikasikia mkuu mmoja akifoka, "Nani huyo? Nyamaza!"

"Nyanzala," mwingine akasema, kutoka upande wa pili. "Nyanzala na Lugendo." Na mwingine. Hawakusema kwa pamoja wala kwa nguvu. Walisema kama watu wanaojaribu maji kwa mguu. Wakuu walikuwa wanageuka huku na kule wakitafuta vinywa, na vinywa vilikuwa vingi.

Ada ilikuwa imelipwa. Mtani akilipwa hutoka, hata kama hana hamu. Nikanyoosha mkono juu bila kutazama.

Mkono wa mtu ukaushika. Ulikuwa na malengelenge ya rungu. Akavuta, akashindwa, akavuta tena mpaka kifua changu kikafika ukingoni, na mwenye mkono akahema juu ya uso wangu. Alikuwa yule mwenye kovu shavuni.

"Mzito wewe, bibi!" alisema. Ni dhahiri hakuwahi kufanya kazi hiyo. "Hata mama hajazikwa, wewe umeshamaliza pilau la matanga?"

Nyuma yake wakuu walikuwa wanamfokea wote wawili. Sikumuuliza wa asubuhi au wa jioni. Nilimtazama kwanza vizuri, ili nisimsahau siku yangu ikifika.

"Na wewe na kovu lako," nilimwambia, "nani alikuchora, mkeo au mbuzi?"

Akacheka, akafuta pua kwa mkono wa shati, akaokota jembe la Lugendo.

Nikamwonyesha pa kuanzia.